Uhunzi wa Leo Nairobi: Bati la Kamukunji, Shaba ya Kibera

Ukitaja uhunzi, wengi hukumbuka mikuki na majembe ya kale yaliyopangwa nyuma ya vioo vya makumbusho. Sisi tunaoyatunza tunatamani mwananchi ajue kwamba kazi hiyo ingali hai Kamukunji, Shauri Moyo na Kibera, na kila mtaa una mkono wake.

Kamukunji husifika kwa bati. Pipa la mafuta hukatwa, hukunjuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, likawa karai, toroli au sanduku la mwanafunzi wa bweni. Kingo mbili za bati zinaweza kuunganishwa bila kuchomelewa: hukunjwa zikaumana, kisha hugongwa hadi zibane. Ukinunua sanduku, kagua mshono huo kwanza, rangi baadaye. Hata jiko lenye kiuno na udongo ndani, ambalo wazo lake lilitoka Thailand na kuenea kwetu miaka ya 1980, lilihitaji mafundi wa bati wa kuunda gamba lake.

Kibera kuna karakana za shaba ya manjano, na hapa ndipo ninapovutiwa zaidi. Kufuli mbovu, vitasa na mifereji ya maji huyeyushwa, ujiuji ukamiminwa katika kalibu ya mchanga ulioshindiliwa. Ikipoa hupigwa tupa na kung'arishwa, ikawa pete, hereni au bangili. Shaba hii ikifuliwa sana hukakamaa na kupasuka, kwa hiyo fundi huirudisha motoni mpaka iwe nyekundu hafifu, nayo hulainika tena. Wekundu huo hauonekani juani. Ndiyo maana fundi hodari hutafuta kivuli.

Hatari ipo. Ndani ya shaba ya manjano mna zinki, inayochemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, karibu na joto linaloyeyusha shaba hiyo yenyewe. Moshi mweupe unaopanda ni wa zinki, na anayeuvuta huweza kushikwa na homa na kutetemeka saa chache baadaye. Anayechomelea mabati yaliyopakwa zinki hupata vivyo hivyo. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanaosha kifua, lakini hayazuii chochote. Fanyeni kazi penye hewa ya kutosha na mvae barakoa ya kuchuja moshi wa metali, kwani kitambaa hakitoshi.

Nje ya Nairobi kuna mikono mingine: mikufu myembamba ya Wakamba, fedha ya masonara wa Lamu, shanga za Wagabra zilizotokana na sufuria kuukuu. Jijini, msanii Kioko Mwitiki ameunda tembo kwa vyuma chakavu, na msanii mwenzake Cyrus Kabiru, miwani.

Ukishuku kwamba bangili si ya shaba, isogezee sumaku. Ikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu, na bei yake haipaswi kuwa ya shaba.