Kupunguza oili hakuongezi nguvu ya msumeno wa mnyororo

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu, na mafundi wanaoanza huupenda sana: ukitaka msumeno wa mnyororo uwe na nguvu zaidi, punguza oili kwenye petroli, eti oili inaizuia injini. Si kweli, na ushauri huu huua mashine.

Injini za misumeno hii karibu zote ni za mipigo miwili. Hazina oili inayokaa kwenye sampu (chombo cha oili chini ya injini) kama gari; ile inayochanganywa na petroli ndiyo pekee inayolainisha pistoni, silinda na beringi. Nguvu hutokana na petroli na hewa vinavyoungua. Ukipunguza oili unaongeza msuguano na joto tu, hadi pistoni ikwaruzike na kukwama.

Wanaochanganyikiwa wana sababu. Moshi ukipungua, mtu hudhani injini imekuwa nyepesi. Tena anayepanua tundu la ekzosi bila kurekebisha kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) husikia injini ikilia kwa kasi, akadhani ni nguvu, kumbe petroli inayoingia ni kidogo kuliko inavyohitajika. Pima kwa kukata gogo, si kwa sikio.

Kuhakikisha, soma kitabu cha mashine. Kikisema 1:50, ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Injini ikipoa, ondoa ekzosi uchungulie pistoni: mikwaruzo ya wima ni dalili ya kukosa ulainisho au joto kupita kiasi.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Anayejifunza ataupokea kwa imani, na gharama ya pistoni na silinda mpya itamwangukia yeye.