Skani ya PET na dawa za Parkinson: picha inaonyesha nini hasa?

Mgonjwa wa Parkinson akimeza kidonge chake cha asubuhi, ndani ya saa moja hivi mkono uliokuwa umekakamaa huanza kufunga vifungo vya shati. Anayemuuguza mtu mwenye ugonjwa huu ameyaona mabadiliko hayo mara nyingi, na pengine amejiuliza kidonge kimefanya nini huko kichwani.

Kwa muda mrefu jibu lilitafutwa kwenye maiti. Mwaka 1960 mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake Herbert Ehringer walipima bongo za watu waliofariki wakiwa na Parkinson, wakakuta upungufu mkubwa wa dopamini, kemikali ambayo chembe za neva hutumia kupelekeana ujumbe, katika striatamu, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo inayosaidia kuratibu mwendo wa viungo. Mwaka uliofuata wagonjwa walidungwa levodopa, na waliokuwa hawawezi kunyanyuka kitandani wakainuka. Levodopa ni malighafi. Dopamini yenyewe haipenyi kutoka kwenye damu kwenda ubongoni, lakini levodopa hupenya, na ikishafika hugeuzwa kuwa dopamini. (Mbegu za upupu, mmea ule ule unaotuwasha porini, zina levodopa ya asili. Asije mtu akazitafuna kwa sababu hiyo: kiasi chake hutofautiana mbegu hadi mbegu.)

Tatizo ni kwamba maiti haimezi kidonge. Kuiona dawa ikifanya kazi kulihitaji ubongo ulio hai, na njia ilipatikana mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha McMaster, Hamilton, Canada. Stephen Garnett na wenzake walichukua levodopa, wakaipachika atomu ya florini yenye mionzi, wakamdunga mtu, kisha wakaipiga picha ikiwa imekusanyika kwenye striatamu yake. Hiyo ndiyo PET, yaani kupiga picha kwa kufuata mionzi ya kemikali iliyodungwa mwilini, katika kazi ya Parkinson, na tangu hapo kanuni yake haijabadilika.

Watu wengi huifikiria PET kama kamera kali kuliko nyingine. Mimi ningesema utamu wote uko kwenye sindano. Mashine yenyewe hupokea tu mionzi inayotoka mwilini na kukokotoa imetokea wapi. Kinachoamua utaona nini ni kile ulichodunga, yaani kifuatilizi: kemikali ya kiasi kidogo mno, yenye atomu ya mionzi, iliyotengenezwa ili ing'ang'anie mahali fulani pa ubongo na si pengine. Ukibadilisha kifuatilizi, umebadilisha swali.

Levodopa yenye florini huuliza: chembe za neva zilizobaki zina uwezo gani wa kupokea malighafi, kuigeuza na kuihifadhi? Kadiri chembe zinavyokufa ndivyo eneo hilo linavyofifia, na kwa kawaida huanzia nyuma ya striatamu, upande mmoja kabla ya mwingine, kama dalili zenyewe zinavyoanza upande mmoja. Vipo vifuatilizi vingine vinavyoshika kisafirishi, yaani protini inayoirudisha dopamini ndani ya chembe baada ya kutumika. Hivi husaidia kuhesabu kilichobaki.

Lakini kwa anayetaka kujua dawa inafanyaje kazi, kifuatilizi chenye mengi zaidi ya kusema ni rakloprayidi. Hiki hukaa kwenye vipokezi vya D2, pale pale dopamini inapokaa. Hebu fikiria daladala yenye viti vichache: abiria wa rakloprayidi wakipanda ikiwa tupu, watajaa, na picha itawaka. Abiria wa dopamini wakiwa wamewahi viti, rakloprayidi itakosa pa kukaa na picha itafifia. Hivyo mtafiti humpiga mgonjwa picha kabla ya dawa na baada ya dawa, kisha hulinganisha. Hapa mfifio ndio habari njema: ni dalili kwamba dopamini imeongezeka.

Siku ya kipimo chenyewe si nyepesi kwa mgonjwa. Kwa kawaida huambiwa asimeze dawa tangu jioni iliyotangulia, kwa hiyo hufika akiwa katika hali yake mbaya, mzito na mwenye kutetemeka, na hapo ndipo anapoombwa alale bila kutikisa kichwa kwa saa nzima au zaidi. Mara nyingi huvikwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la uso wake na kufungwa kwenye kitanda. Chumba cha pili watu wanakimbizana na saa. Rakloprayidi hubeba kaboni-11, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20, kwa hiyo ni lazima itengenezwe kwenye saiklotroni, mashine ya kuzalisha atomu zenye mionzi, iliyo jirani na kudungwa mara moja. Florini-18 ina nafuu, maana huchukua dakika 110 hivi kupungua kwa nusu, na inaweza kusafirishwa kwa gari.

Taabu hiyo imelipa. Chukua lalamiko la kila siku kliniki: "Daktari, zamani kidonge kilinifikisha mchana, siku hizi saa nne tu nimeshakwama." Mwaka 2001 kundi la Raúl de la Fuente-Fernández na Jon Stoessl katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, liliwapiga wagonjwa picha za rakloprayidi kabla ya levodopa, saa moja baada yake, na saa nne baada yake. Kwa wale ambao dawa iliendelea kuwashika vizuri, dopamini ilipanda kiasi na kubaki juu hadi saa ya nne. Kwa wale waliokuja kupatwa na tatizo la dawa kuisha nguvu mapema, ilipanda sana katika saa ya kwanza, na kufikia ya nne ilikuwa imerudi ilikoanzia. Tofauti hiyo ilionekana kabla wagonjwa wenyewe hawajaanza kulalamika. Dozi ilikuwa inafika ubongoni vizuri; kilichopungua ni uwezo wa ubongo wa kuitunza dopamini na kuitoa kidogo kidogo.

Mwaka huo huo kundi hilo lilitoa matokeo mengine, na kwangu haya ndiyo ya kushangaza zaidi katika uwanja huu wote. Wagonjwa walijua kwamba huenda wangedungwa dawa au wangedungwa plasibo, yaani maji ya chumvi matupu. Waliodungwa maji ya chumvi, rakloprayidi ilififia kwenye striatamu zao. Ubongo wenyewe, kwa kutarajia nafuu, ulikuwa umemwaga dopamini yake. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "nimepata nafuu" baada ya sindano isiyo na dawa hadanganyi wala hajifanyi. Ndiyo maana pia dawa mpya ya Parkinson isiyolinganishwa na plasibo haistahili kuaminiwa, hata kama waliotumia wote wanaisifu.

Mwaka 2009 watafiti wa Toronto waliitumia rakloprayidi kuelewa kwa nini baadhi ya wanaotumia dawa za kundi la pramipeksoli na ropiniroli, zinazoiga dopamini, huingia kwenye kamari wasiyoweza kuiacha. Wakicheza kamari ndani ya mashine, wagonjwa wenye tatizo hilo walimwaga dopamini nyingi kuliko wenzao katika sehemu ya chini ya striatamu, inayohusika na hisia ya kupata zawadi.

Mpaka hapo picha na mgonjwa wanasema lugha moja. Kisha ukaja utafiti wa ELLDOPA, uliochapishwa Marekani mwaka 2004. Wagonjwa 361 waligawanywa, wengine wakipewa plasibo na wengine levodopa ya miligramu 150, 300 au 600 kwa siku, kwa wiki 40. Dawa ikasimamishwa wiki mbili, wakapimwa. Waliotumia levodopa walikuwa na hali nzuri kuliko wa plasibo, na wa dozi kubwa ndio walioongoza. Lakini baadhi yao walipigwa pia picha za visafirishi kwa SPECT, binamu wa PET, na picha zikasema kinyume: kwa dozi ya miligramu 600 mwanga ulikuwa umepungua kwa asilimia 7.2, kwa plasibo asilimia 1.4 tu.

Wapo walioogopa kwamba levodopa inaua chembe, na hofu hiyo bado inawafanya baadhi ya wagonjwa waahirishe kidonge kwa miaka. Maelezo mengine ni kwamba dawa yenyewe huufanya ubongo upunguze visafirishi, hivyo kifuatilizi kikakosa pa kushika ingawa chembe zipo hai. Picha peke yake haiwezi kuyatofautisha mambo hayo mawili. Mwaka 2019 utafiti wa LEAP wa Uholanzi uliwafuata wagonjwa 445, nusu wakianza levodopa mara moja na nusu baada ya wiki 40. Mwisho wa wiki 80 makundi hayo hayakutofautiana: kuanza mapema hakukuupunguza kasi ugonjwa, na hakukuuharakisha.

Kinyume chake pia kimetokea. Protini ya GDNF, inayosaidia chembe za neva kukua na kuishi, ilipopitishwa moja kwa moja ubongoni, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2006, picha za PET ziling'aa zaidi, lakini wagonjwa hawakuwashinda wa plasibo. Anayesoma habari za "tiba mpya imeonekana kwenye skani" aulize kwanza kama mgonjwa anatembea vizuri zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki PET ipo, kwa mfano Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi, na kazi yake kubwa ni saratani. Parkinson hutambuliwa kwa macho na mikono ya daktari: mwendo, ukakamavu wa kiwiko, jinsi vidole vinavyogongana, na jinsi mtu anavyoitikia levodopa. Mara nyingi daktari huagiza CT au MRI ya kawaida, na hapo familia nyingi huchanganyikiwa. Vipimo hivyo hutafuta mambo mengine yanayoweza kuleta dalili zinazofanana, kama kiharusi, uvimbe au maji kujaa kichwani. Dopamini havioni. Majibu ya MRI yakitoka safi na mzee bado anaburuta mguu, hiyo haimaanishi kwamba kidonge alichoandikiwa kimekosewa.