Steringi si lazima apendeke

Dhana: Watazamaji wakimchukia mhusika mkuu, filamu imekufa.

Ingekuwa hivyo, Nightcrawler ya Dan Gilroy (2014) isingefika popote. Tunamkuta Lou Bloom, nafasi iliyochezwa na Jake Gyllenhaal, akiiba nyavu za uzio usiku jijini Los Angeles. Anamvamia mlinzi, na muda si mrefu saa ya mlinzi iko mkononi mwake. Anapeleka vyuma kwa mnunuzi wa chakavu, kisha hapohapo anamwomba kazi. Anaambiwa wezi hawaajiriwi. Anatabasamu, anaenda zake. Baadaye anakuwa mpiga picha wa ajali, na usiku mmoja anawahi kufika kabla ya polisi, akamburuta majeruhi wa watu ili picha ikae vizuri.

Cha kupenda hapo hakipo. Ila Lou anajua anachotaka, anajifunza haraka, na kila usiku dau lake linapanda. Mtu wa namna hiyo tunamfuata huku tunamwombea akwame.

Dhana: Ukimfuata mwovu, basi uko upande wake.

Murray Smith, mwanazuoni wa filamu, alitenganisha mambo haya katika kitabu chake cha 1995: kuyaona mambo pamoja na mhusika ni kitu kimoja, kuyakubali matendo yake ni kingine. Tazama Psycho ya Alfred Hitchcock (1960). Norman Bates, mwendesha moteli, analisukumia kinamasini gari lenye maiti ya mwanamke ambaye tumekuwa naye tangu filamu ianze. Gari linazama, kisha linagoma, paa bado liko juu. Norman anatupa macho huku na huku, anatafuna. Nasi tumebana pumzi: zama basi! Likimezwa, tunapumua pamoja naye. Marehemu tumeshamsahau, na aibu ya kumsahau huja baadaye kidogo. Hitchcock alijua alichokifanya.

Dhana: Lazima tuonyeshwe utoto wake wa mateso.

Lou Bloom hatujui katoka wapi wala wazazi wake ni nani. Binafsi naona maelezo ya aina hiyo mara nyingi ni woga wa mwandishi, sawa na toba ya dakika za mwisho kitandani hospitalini, ambayo Bongo Movie imetuzoesha.

Dhana: Ni mtindo wa juzijuzi, tena wa Wazungu.

Filamu za majambazi za mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilivuta watu mno, na hilo lilichangia Hollywood kuanza kuzikazia Kanuni za Hays, yaani masharti ya maadili ya filamu, mwaka 1934, zilizotaka huruma ya mtazamaji isielekezwe kamwe kwa uhalifu. Zilidumu hadi 1968.

Na Afrika? Mwaka 1975 Ousmane Sembène wa Senegal alitoa Xala. El Hadji, mfanyabiashara wa Dakar, anaoa mke wa tatu kwa mbwembwe, na Mercedes yake inaoshwa kwa maji ya chupa ya Evian huku ombaomba wakifukuzwa mjini. Usiku wa harusi nguvu za kiume zinamtoroka. Tunacheka, maana kayataka mwenyewe. Mwishoni ombaomba walewale wanamvulisha nguo mbele ya familia yake na kumtemea mate, na Sembène hakati picha haraka. Mate yanaendelea kumwagika mpaka ile raha ya kumwona akiumbuka inatutumbukia nyongo.