Simu Inajizima, Waranti Imeisha: Tunayoambizana Nyanda za Juu Kusini na Ukweli Wake

Ukipeleka simu inayojizima kwa fundi, iwe Mwanjelwa, Mafinga au Makambako, mara nyingi hukumu hutoka kabla simu haijafunguliwa: "Hii ya kuflashi hii." Ukiirudisha dukani ulikoinunua, hukumu ni fupi zaidi: "Waranti imeisha." Kati ya kauli hizo mbili watu wanapoteza picha za wazazi waliokwishatangulia, madaftari ya madeni ya biashara, na hela ya simu mpya ambayo huenda haikuhitajika. Naandika kwa sababu kauli zote mbili hutolewa kirahisi mno, na anayelipa ni mwenye simu.

"Simu ikijizima-zima, dawa ni kuflashi"

Kuflashi ni kuondoa mfumo ulio kwenye simu na kuweka mwingine. Kunatibu ugonjwa mmoja tu, yaani mfumo ulioharibika. Simu hujizima kwa sababu nyingine nyingi: betri iliyochoka, kitufe cha kuwashia kilichobonyea na kugoma kurudi, hifadhi iliyojaa video za magrupu mpaka mfumo unakosa pa kuandikia, joto, shoti kwenye bodi (sahani ya ndani inayobeba vifaa vya simu), au programu moja tu yenye kasoro.

Jiulize kwanza: inayozimika ni simu nzima au programu? Machi 2021, watu wa nchi nyingi walishtuka kuona programu zao za Android, ikiwemo Gmail, zinajifunga zenyewe kila wakizifungua. Simu zao zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye kijenzi cha mfumo kiitwacho Android System WebView, na Google ilitoa toleo jipya lililomaliza tatizo. Aliyekimbilia kuflashi siku ile alifuta kila kitu bure. Kwa hiyo, programu zikianza kujifunga ghafla, ingia Play Store usasishe kwanza, kisha angalia nafasi iliyobaki kwenye hifadhi.

Kama inayozimika ni simu nzima, ijaribu kwenye hali salama. Kwenye simu nyingi za Android unashikilia kitufe cha kuwashia, halafu unabonyeza neno la kuzima na kulishikilia mpaka simu ikuulize kama iwake katika hali salama. Humo programu ulizopakua mwenyewe hazifanyi kazi. Itumie hivyo siku nzima. Ikitulia, mkosaji ni programu uliyoiweka, na kwa kawaida ni ile ya karibuni, hasa kama ulitumiwa faili lake WhatsApp badala ya kuipakua Play Store. Ifute, basi.

Ikiendelea kuzimika hata kwenye hali salama, au ikigota kwenye nembo na kurudia kuwaka bila kufika mwisho, anza kushuku betri na bodi. Hapo ndipo fundi anahitajika, na fundi anayeijua kazi utamtambua kwa mikono yake. Hakimbilii kompyuta. Anafungua mfuniko, anachomoa betri, anaunganisha simu kwenye kile kimashine cha umeme chenye waya mwekundu na mweusi, halafu anatazama namba za ampea. Kabla hajagusa kitufe cha kuwashia, namba inatakiwa isome sifuri au karibu na hapo. Ikipanda yenyewe, kuna shoti kwenye bodi, na hakuna kuflashi kutakakoiondoa. Simu ikiwaka vizuri kwa umeme wa mashine lakini ikagoma kwa betri yake, umeshajua cha kununua. Mwambie fundi, kwa heshima, "Kaka, naomba nione namba." Fundi mzuri hachukii kuulizwa, wengi wanafurahi kupata mteja anayetaka kuelewa.

Na iwapo kweli ni mfumo, hamisha vitu vyako kwanza kama simu bado inawaka walau kidogo. Mfumo usio wa toleo la simu yako unaweza kuiua simu isiwake tena.

"Baridi ya huku inaua simu"

Hapa kuna ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayotupotosha. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai, kuanzia Uyole hadi Njombe na Makete ambako barafu nyembamba hulala juu ya majani, simu inapoa kweli. Betri ya lithiamu ikipoa, ukinzani wake wa ndani unaongezeka. Simu ikidai umeme mwingi kwa mara moja, kwa mfano ukipiga simu ya video au ukiwasha kamera, volti zinashuka ghafla chini ya kiwango kinachohitajika na simu inazima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Ukiichomeka chaji inawaka na asilimia zake zile zile, nawe unabaki kushangaa.

Lakini betri yenye afya inahimili baridi hii. Apple, kwa mfano, inasema iPhone imetengenezwa kutumika kati ya nyuzi joto 0 na 35, na saa nyingi za kipupwe chetu zimo humo. Inayozimika asubuhi za Julai, mara nyingi, ni betri iliyokwisha kuchoka tangu zamani, ila katika miezi ya joto uchovu ulikuwa umejificha. Betri za iPhone za kabla ya iPhone 15 zilikusudiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya kuchaji. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Kwa mtu anayemaliza chaji nzima kila siku, mizunguko 500 haifiki miaka miwili.

Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisijizime ghafla. Mwezi huo huo ilitangaza kushusha bei ya kubadilisha betri hadi dola 29 za Marekani. Kumbuka kisa hicho unapoambiwa simu imezeeka nunua nyingine: mamilioni ya simu "zilizozeeka" zilihitaji betri tu.

Kwa hiyo wakati wa kipupwe weka simu mfuko wa ndani, karibu na mwili. Usiianike kando ya jiko la mkaa, kama ninavyoona vijijini na hata mjini, kwa sababu joto hilo linaharibu betri kuliko baridi ilivyowahi kufanya. Na ukiona mfuniko wa nyuma umeanza kuinuka au kioo kimeachia pembeni, betri imevimba. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiichaji tena. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.

"Ikilowa, izike kwenye mchele"

Mchele wa Kyela ni wa kula. Mwaka 2024 Apple iliwaambia wateja wake waziwazi wasiweke simu kwenye mchele, kwa kuwa chembechembe zake zinaweza kuingia ndani na kuiharibu. Izime, ielekeze tundu la chaji chini, iache penye hewa, na usiichaji ikiwa imelowa. Kumbuka pia kuwa simu nyingi zina kibandiko kidogo ndani kinachobadilika rangi kikiguswa na maji. Ukisema kwenye kituo cha huduma cha kampuni ya simu kwamba haikulowa, wataifungua wakione.

"Waranti ikiisha, huna cha kudai"

Hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi, kwa sababu inawafanya wasiulize hata mara moja.

Ipo njia ya kwanza: kasoro ya kiwandani iliyokubaliwa na kampuni yenyewe. Mwaka 2015 simu nyingi za LG G4 zilianza kugota kwenye nembo, zikiwaka na kuzima bila mwisho. Januari 2016 LG ilikiri kuwa ni tatizo la vifaa vya ndani na ikakubali kuzitengeneza. Novemba 2016 Apple ilianza kubadilisha betri bure kwa baadhi ya iPhone 6s zilizokuwa zinajizima, zile zilizotengenezwa Septemba na Oktoba 2015. Januari 2025 Google ilitoa sasisho lililopunguza uwezo wa betri za baadhi ya Pixel 4a, simu yake iliyotoka mwaka 2020, na wenye simu hizo wakapewa nafasi ya kuchagua kubadilishiwa betri bure au kulipwa fidia. Wengi wao waranti yao ilikuwa imekwisha zamani. Kabla hujalipa chochote, andika mtandaoni jina kamili la toleo la simu yako pamoja na dalili zake. Ukikuta watu wengi wana tatizo lile lile, nenda kituoni na hoja hiyo mkononi.

Njia ya pili ni kubadilishiwa kwa malipo. Apple, kwa mfano, kwa uharibifu usiotengenezeka hutoa iPhone nyingine kwa ada iliyo chini ya bei ya simu mpya, na simu hiyo inakuja na dhamana yake ya siku 90 au zaidi. Masharti yake ni kwamba simu ya zamani inabaki kwao, na kitu ulichoacha ndani hukioni tena.

Njia ya tatu haijaandikwa popote: kuomba. Simu iliyopitiliza waranti kwa wiki chache, yenye tatizo lililoanza mapema, ina nafasi nzuri ikiwa unaweza kuonyesha lilianza lini. Hapo ushahidi ndio kila kitu. Piga picha ya video simu inapojizima, kwa kutumia simu ya mwenzako. Andika tarehe. Ukipeleka kituoni ndani ya muda wa waranti, usikubali kuondoka bila karatasi inayotaja tatizo; tatizo likirudi muda ukiwa umepita, karatasi hiyo ndiyo inayosema kwamba ni lile lile, halikumalizwa. Ongea kwa utulivu na ombi lako liwe moja na wazi: kutengenezewa bure, kupunguziwa gharama, au kubadilishiwa. Yule dada au kaka wa mapokezi hana mamlaka ya kuamua, kwa hiyo usimfokee. Mwombe akufikishie ombi kwa msimamizi wake.

Angalia pia simu imetoka wapi. Makampuni mengi hufunga waranti ndani ya nchi au kanda simu ilikouzwa. Simu iliyovuka mpaka wa Tunduma kwa bei nzuri inaweza kuwa halisi kabisa na bado kituo cha Tanzania kikaikataa. Bei hiyo nzuri ipime pamoja na hilo.

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi"

Maneno haya yamechapwa kwenye risiti na kubandikwa kwenye kuta za maduka kuanzia Kabwe hadi Miomboni. Hayafuti sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeweka ndani ya mauzo kwa mlaji masharti ya ubora, na ina sehemu inayohusu wajibu wa mtengenezaji. Simu iliyouzwa na kasoro ya kiwandani si sawa na simu uliyoiangusha au uliyoichoka rangi. Kwa hizo mbili za mwisho muuzaji ana haki ya kukataa. Kwa ile ya kwanza, anza dukani kwa maandishi, na ukishindwana naye peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Utaulizwa risiti, kwa hiyo dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siku unayonunua. Muuzaji anayesema "bila risiti nakupunguzia" anakununua haki yako kwa bei ndogo.

"Nikikabidhi simu, hela zangu za M-Pesa zinaenda nayo"

Haziendi. Salio la M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa liko kwenye mitambo ya kampuni, limefungwa kwenye namba yako. Toa laini, iweke kwenye simu yoyote, hela ipo. Namba ya siri usimpe fundi hata akikuambia anataka "kujaribu laini".

Kinachokwenda na simu ni picha, majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, na mazungumzo ya WhatsApp ambayo hukuyatunza Google Drive. Yahamishe kwanza. Kisha ondoa akaunti yako ya Google, au kwenye iPhone zima huduma ya kuitafuta simu, la sivyo simu itabaki imefungwa kwa jina lako na kituo kinaweza kuikataa.

Ukibadilishiwa simu, ile utakayopewa ina IMEI yake tofauti, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Hilo ni sawa. Anayekuambia atakuhamishia IMEI ya zamani anakuingiza kwenye kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kabla hujatoka kituoni bonyeza *#06#, linganisha namba hizo 15 na zilizo kwenye boksi na kwenye karatasi ya makabidhiano, kisha zitume kwa ujumbe kwenda 15090, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliyotumika simu bandia zilipozimwa Juni 2016. Jibu likitaja toleo tofauti na unaloshika, usitie saini.