Shabaka Hutchings kwa sikio la kirumbizi

Vijana ninaowafundisha saksafoni hapa Lamu wakitaka kuijua jazi ya leo, siwaanzishii kwa Coltrane, yule gwiji wa zamani wa saksafoni. Nawapa Shabaka Hutchings, mpulizaji wa Uingereza, na sababu yangu ni kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo.

Muziki wa kirumbizi ni zumari na ngoma, basi. Hakuna kinanda wala gitaa la kumtandikia mpulizaji njia. Yeye ndiye wimbo, ngoma zinamjibu. Sons of Kemet, bendi ya Shabaka, ilikuwa hivyo hivyo: saksafoni, tuba (tarumbeta kubwa ya besi), na wapiga ngoma wawili. Aliyekulia Langoni, mtaa wa hapa Lamu, hahitaji kuelezwa zaidi. Sikiliza Shabaka anavyokatakata: sauti mbili tatu fupi, anazirudia, anazisogeza kidogo mbele ya pigo. Hapandi na kushuka noti ili tushangae vidole vyake.

Naona hilo limetoka utotoni. Alizaliwa London 1984, akahamia Barbados akiwa na miaka 6, akashika klarineti akiwa na 9, na mazoezi yake yalikuwa kufuata mistari ya marapa. Akarudi Uingereza, akaisomea klarineti hiyo hiyo Guildhall, chuo cha muziki cha London. Wazazi wanaotaka mtoto aanze moja kwa moja na saksafoni kubwa inayong'aa wazingatie. (Chumvi ya bahari yetu nayo huzila springi zake kabla mtoto hajajua noti tano.)

Sons of Kemet walipata MOBO, tuzo ya Uingereza ya muziki wenye asili ya watu weusi, 2013. Bendi yake nyingine, The Comet Is Coming, iliteuliwa kuwania Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka huko, 2016, Sons of Kemet wakafuata 2018.

Kisha 2023 akatangaza kwamba mwaka ukiisha ataiweka saksafoni kando. Wengi walishtuka, mpuliza nai, filimbi yetu ya Maulidi, asingeshtuka. Saksafoni ina ridi, kile kijiti chembamba cha mdomoni kinachotetemeka, nawe unaibana kwa midomo na kuisukuma kwa nguvu ya kifua. Shakuhachi, filimbi ya Kijapani aliyoihamia Shabaka, haina ridi: pumzi inakatwa na ukingo wa mwanzi tu. Ukilazimisha, sauti inapotea. Lazima mwili wote ulegee.

Albamu yake ya 2024 imejaa filimbi, na kusema kweli mimi bado namtamani yule wa ngoma mbili. Lakini mwanafunzi akibana ridi mpaka mdomo unamuuma, namwekea albamu hiyo, halafu nampokonya saksafoni na kumpa nai.