Kwa nini mbegu za ua hili hulazwa kwenye friji?

Ukifungua friji ya mpenda bustani wa Iowa au Kansas mwezi Februari, usishangae kukuta, kando ya maziwa na mayai, mfuko wa nailoni wenye mchanga mbichi na mbegu bapa za kahawia. Ni mbegu za Asclepias tuberosa, ua la rangi ya chungwa linalojiotea kwenye nyanda za nyasi za Marekani.

Baridi ya nini? Mbegu hizi hupeperushwa na upepo theluji ikiwa inakaribia. Ambayo ingeota papo hapo ingekufa kwa baridi kabla haijashika mizizi. Kwa hiyo nyingi hubaki zimelala mpaka zipitie wiki kadhaa za ubaridi na unyevunyevu. Friji, kwa siku 30 hivi, inazidanganya tu. Wengine huzipanda nje Novemba, majira yakafanya kazi yake.

Zikishaota, huoni mengi: vijani vichache, basi. Chini ndiko mambo yaliko. Mmea unazamisha mzizi mkuu mnene, ghala lake la chakula na maji, ndiyo maana maua huchelewa hadi mwaka wa pili au wa tatu. Baada ya hapo, jua la Julai likikausha nyasi jirani, lenyewe limechanua. Kinacholiua ni maji yanayotuama, maana mzizi huoza. Kulihamisha nako ni balaa, kwani mzizi ukikatika mmea mara nyingi hauponi. Tena huchelewa kuchipua baada ya baridi, watu wakalilima wakidhani limekufa. Chomeka kijiti mahali pake.

Nyuki na vipepeo hulifuata kwa ajili ya mbochi. Chavua yake si unga kama ya mahindi. Imefungwa kwenye vijifuko viwili viwili vinavyonasa mguu wa mdudu, naye huvibeba hadi ua jingine. Mdudu mdogo asiye na nguvu huweza kunaswa hapo hapo. Kipepeo monaki, yule anayesafiri hadi milima ya Meksiko, hutaga kwenye mimea ya jamii hii kwa sababu ndiyo chakula cha viwavi wake.

Aliye Dodoma au Machakos asihangaike kuagiza mbegu. Afrika Mashariki ina ndugu zake wa porini, kama Gomphocarpus fruticosus mwenye matunda yaliyovimba kama puto lenye vinyweleo, na kipepeo wetu wa rangi hiyo hiyo ya chungwa, Danaus chrysippus, hutaga huko.