Uchaguzi wa 1800: Sare Iliyoletwa na Utii wa Chama

Ninafundisha historia ya katiba, na kila tunapofika kwenye uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1800, wanafunzi huniuliza swali lile lile: iweje mgombea urais afungane kura na mgombea mwenza wake? Ni kwa sababu katiba ya 1787 haikumjua mgombea mwenza, wala haikutaja vyama hata mara moja. Kila mjumbe wa uchaguzi, yaani mtu aliyeteuliwa na jimbo lake kumchagua rais, alikuwa na kura mbili zenye uzito sawa, zote za urais. Aliyeongoza na kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wajumbe alikuwa rais, aliyemfuata, makamu.

George Washington alipong'atuka, utaratibu huo ukaanza kuyumba. Mwaka 1796 John Adams wa chama cha Wafederalist alipata kura 71, Thomas Jefferson wa Warepublican (siyo chama cha Republican cha leo) 68. Wajumbe wa Adams walizitawanya kura zao za pili, hivyo Adams akajikuta na mpinzani wake kama makamu.

Ndani ya miaka minne ushindani huo ukawa uadui. Itazame kwa karibu Sheria ya Uchochezi ya 1798. Iliharamisha kumkashifu rais au Bunge, lakini makamu wa rais, yaani Jefferson, haikumlinda. Tena iliwekewa ukomo tarehe 3 Machi 1801, siku ya mwisho ya muhula wa Adams. Sihitaji ushahidi mwingine kwamba ilitungwa kwa maslahi ya chama. Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, alifungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000 kwa kuandika kuwa Adams ana uchu wa fahari. Wapiga kura wake wakamrudisha bungeni akiwa bado gerezani.

Kanuni nazo zilichezewa na pande zote mbili. Virginia iliacha kuchagua wajumbe kwa wilaya ili Jefferson awazoe wote. Massachusetts iliwapokonya wananchi kura hiyo na kuikabidhi kwa bunge la jimbo. Huko New York, Aaron Burr, mgombea mwenza wa Jefferson, alipanga kampeni mtaa kwa mtaa na chama chake kikashinda bunge jipya la jimbo, ambalo ndilo lingechagua wajumbe. Alexander Hamilton, kiongozi wa Wafederalist, akamwomba Gavana John Jay aliitishe haraka bunge lililokuwa linamaliza muda wake, libadilishe sheria ya kuchagua wajumbe. Jay alikataa, ingawa ombi lilitoka kwa mwenzake wa chama. Namheshimu sana kwa hilo.

Safari hii wajumbe wote wa Republican walikitii chama kwa kura zao zote mbili: Jefferson 73, Burr 73. Wafederalist walikuwa wamemtengea Jay kura moja, ndiyo maana Adams alipata 65 na mwenzake Pinckney 64. Upande wa pili hakuna aliyethubutu kupunguza hata moja.

Uamuzi ukaenda kwa Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, zikihitajika 9 kati ya 16. Tarehe 11 Februari 1801 Jefferson alipata 8, Burr 6, na majimbo mawili, Maryland na Vermont, yakagawanyika. Joseph Nicholson wa Maryland, mgonjwa wa homa, alibebwa kwenye theluji hadi bungeni akapiga kura amelala. Bila yeye, Maryland ingekwenda kwa Burr. Hatimaye Mfederalist James Bayard, mwakilishi pekee wa Delaware, alilegeza msimamo wake wa kumuunga mkono Burr. Duru ya 36, tarehe 17 Februari, Mfederalist wa Vermont hakupiga kura, na kura ya jimbo hilo ikabaki mikononi mwa Lyon, yule mfungwa. Akampa Jefferson.

Mwaka 1804 Marekebisho ya 12 yalitenganisha kura ya rais na ya makamu. Hayakugusa kanuni iliyohesabu kila mtumwa kama tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti na wajumbe. Bila wajumbe wa ziada ambao kanuni hiyo iliyapa majimbo ya Kusini, Adams angemshinda Jefferson. Watu waliohesabiwa hivyo hawakuwa na kura, na kanuni yenyewe ilifutwa kikatiba mwaka 1868.